Kigae cha Saba

Kigae cha kaure ukikigonga kwa ukucha hutoa sauti moja nyembamba inayokaa hewani kidogo kabla ya kuisha. Watu wengi waliosikia sauti hiyo walikiona kigae kwanza. Mimi na mama yangu tuliisikia kwanza, tena kwetu Mbulu, juu ya chemchemi iliyokuwa imekauka, na kigae chenyewe kikaja miezi mingi baadaye.

Naandika haya nikiwa mzee. Namshukuru Mungu kwa macho yanayosoma bado na mkono usiotetemeka sana. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na ninajua kwamba Mkristo hapaswi kuhangaishwa na sauti. Najua pia nilichokisikia.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika shamba moja la ngano la serikali, huko uwandani chini ya mlima Hanang. Nilitoa vipuri, magunia na mabeleshi, na Jumapili nilifundisha dini katika banda tulilolifanya kanisa. Ngano ilifika hadi macho yanapoishia. Upepo ukipita juu yake, ungedhani kuna mtu mkubwa sana anayepita akiwa ameinama.

Pale shambani palikuwa na mgeni kutoka nchi ya baridi, mtaalamu wa udongo. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa na desturi ya kuonja udongo kwa ncha ya ulimi, kisha anatema na kuandika kwenye daftari. Siku moja nilirudi kutoka likizo, na viatu vyangu vilikuwa na udongo mweupe wa kwetu. Aliuona, akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayetaka kunifunga kamba za viatu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Nyumbani, bwana. Wanawake wanapaka kuta."

Akaubandua kwa kucha, akauonja. Akaniambia kwamba katika mji alikozaliwa mama yake kuna kiwanda cha vigae vya sakafuni, hivi ambavyo leo watu huviita marumaru. Kiwanda hicho kilianzishwa kabla babu yake hajazaliwa, na mjomba wake alikuwa fundi wa tanuru. Walitengeneza vigae vya kaure. Udongo mweupe huchanganywa na mawe yaliyosagwa, ukagandamizwa kwa mashine nzito, ukaingia katika moto ambao hata chuma kingelegea ndani yake. Ukitoka humo, alisema, maji hayaupenyi tena. Unaweza kuulaza mtoni mwaka mzima, ndani ukabaki mkavu.

Aliniomba debe moja la udongo ule apeleke kwa mjomba wake ujaribiwe. Nilifurahi. Niliona kama bonde letu limeitwa kwa jina mbele za watu.

Sasa nieleze chemchemi yetu. Ilitoka chini ya ukingo wa udongo mweupe, chini kidogo ya nyumba ya mama yangu, na mama ndiye aliyeitunza, kama bibi yangu kabla yake. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika na kufagia majani. Mwanamke aliyetaka udongo wa kupaka nyumba alimwomba mama. Alichimba kwa vidole, bila chuma, na kabla ya kuondoka alirudisha konzi moja mahali alipotoa. Wazee walisema maji yale yana mwenyewe. Sisi Wakristo hatukulitaja jina la huyo mwenyewe, lakini konzi tulirudisha.

Mimi sikurudisha. Sikuomba pia. Ningemwomba mama, naye angesimama ukingoni na kusema maneno yake ya zamani, na mimi katekista nimesimama pembeni na debe. Niliona aibu. Kwa hiyo Jumapili moja nilipokuwa nyumbani, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, nilishuka peke yangu na beleshi la shamba. Nikakata ukingo juu ya jicho la maji. Beleshi liliingia bila kelele, kama kisu kwenye sabuni. Nikajaza debe, nikafunika kwa gunia, nikapanda basi la kwenda Katesh, kurudi shambani.

Kumbukumbu moja ilinijia baadaye tu. Nilipokuwa nachimba, vyura walinyamaza. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu yangu, kwamba nikiondoka wataendelea.

*

Zilipita wiki nyingi kabla sijapata ruhusa tena ya kwenda nyumbani. Niliposhuka kwenye basi nilimkuta jirani yetu njiani, mama mmoja mtu wa mizaha, ambaye kila mara aliniuliza nitaoa lini au nangoja malaika wa kike. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Akarudi nyuma hatua tatu, hadi ndani ya mahindi ya watu.

"Marahaba. Simama hapo hapo, mwalimu. Usinisogelee."

"Kuna nini?"

"Nenda kwenu. Ukifika utaambiwa. Ila usinipe mkono."

Nikaelewa kabla sijafika. Sisi Wairaqw tuna desturi ya kutenga nyumba iliyopatwa na jambo zito, ili jambo hilo lisivuke kwenda kwa wengine. Waliotengwa hawapeani mkono na mtu, hawaombi moto, hawakanyagi uwanja wa jirani, na hawachoti maji mahali pa wote. Nilimkuta mama ameketi mlangoni. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Maji alikuwa akiyafuata mtoni chini kabisa, na hata huko alingoja mpaka wenzake wote wamemaliza.

Chemchemi ilikauka wiki moja baada ya mimi kuondoka. Haikupungua kidogo kidogo. Mama alishuka asubuhi na ufagio wake akakuta pakavu, hapana hata tope. Wazee walikuja, wakaona alama za beleshi na za viatu vya shamba. Wakauliza nani amechimba.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia nyumba yangu ndiyo iliyochimba."

"Mama! Ni mimi."

"Kwani wewe ni nyumba ya nani?"

Siku ile ile nikaenda kwa wazee. Nilisimama mbali kama inavyotakiwa, nikakiri kwa sauti. Walinisikiliza. Mzee aliyekuwa mkubwa wao, mrefu, mwenye kovu kwenye shavu, alisema nyumba imeshasema na haiwezi kusema mara mbili. Udongo urudi mahali pake, wote ulioondoka. Ukirudi, mama atafunguliwa. Usiporudi, atakufa akiwa hivyo hivyo, na atazikwa na watu wa nyumba yake tu.

"Kwani debe lilijaa?" mzee mwingine akauliza.

"Lilijaa, mzee."

"Basi si mwizi wa kubahatisha huyu. Amesoma, anajua kipimo."

Wakacheka, ila si kwa furaha.

Kesho yake asubuhi mama aliniamsha. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na miti ilionekana nusu nusu. Alinipeleka kwenye mwinuko ulio juu ya chemchemi, maana kushuka tulikatazwa. Tukaketi. Sikuona shimo, niliona weupe tu. Kisha kutoka chini ikaja sauti moja, kama mtu amegonga ukingo wa bakuli la thamani kwa ukucha. Ngii. Ikakaa hewani. Ikaisha.

"Umesikia?"

"Ni chura, mama."

"Chura hukaa penye maji."

Tukangoja, ikaja tena. Nilianza kusali Baba Yetu, nikajikuta nimefika mwisho bila kujua nilivyopita katikati.

"Ni tangu uondoke na debe," mama akasema. "Nilidhani ni masikio yangu ya uzee."

*

Nilirudi shambani, nikamweleza mgeni wetu. Hakunicheka, na kwa hilo ninamwombea hadi leo. Lakini debe lilikuwa limeshasafiri. Tukaandika barua pamoja, tukamwomba mjomba wake arudishe udongo wote. Kisha tukasubiri. Ngano ilikuwa kijani, ikawa njano, mashine za kuvuna zikaingia na vumbi lake, na udongo ukabaki wazi na mweusi. Kila gari lililoleta barua nililikimbilia. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mama chumvi na sabuni. Kondakta wa basi aliviweka kwenye jiwe nje ya uwanja, ili majirani waone kwamba hajamsogelea mama.

Hatimaye kifurushi kilikuja. Kilikuwa sanduku dogo la mbao, zito kupita ukubwa wake. Ndani ya nyuzi za mbao kulikuwa na vigae sita, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima, vya rangi ya kijivu chenye weupe kama ukungu wa kwetu. Nyuma vilikuwa na mistari na mhuri wa kiwanda. Chini ya mhuri mtu alikuwa ameandika jina la bonde letu kwa kalamu ya risasi, na alikosea herufi moja tu.

Kulikuwa na barua ya Kiingereza. Ilisema wanasikitika, ombi letu lilifika udongo ukiwa umeshaingia tanuruni. Ilisema udongo ule ni mzuri, ila debe zima lilipochujwa mchanga lilitoa udongo kidogo tu, hautoshi kwa biashara, na kwamba ukigonga kigae utasikia kwa sauti yake kuwa kimeiva. Na mwishoni kulikuwa na sentensi moja ambayo nitaifikia.

Nilipanda na sanduku hadi Mbulu. Nikamwonyesha mama sanduku, yeye akiwa ameketi mlangoni pale pale. Nikashika kigae kimoja kwa vidole viwili, nikakigonga kama barua ilivyosema.

Ngii.

Mama hakushtuka. Alishusha mikono yake taratibu akaifunika chini ya shuka.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Usiku ule vigae vilikaa mezani. Asubuhi meza ilikuwa kavu, kikombe kilikuwa kikavu, Biblia ilikuwa kavu, na vigae vyote sita vilikuwa vimelowa juu, matone madogo madogo. Nimeelezwa tangu hapo na mwalimu wa sayansi kwamba kitu kigumu na baridi hukusanya unyevu wa hewa. Ninamwamini. Lakini nilipovifuta na kuvirudisha, vililowa tena, na nilikuwa nimekaa navyo, nikitazama. Vilikuwa na maji juu yake na havikuweza kuyanywa.

Wazee walikutana ng'ambo ya njia. Niliweka sanduku katikati, nikarudi nyuma. Mzee mwenye kovu alichukua kigae, akakigeuza, akakinusa. Akachovya kidole kwenye kibuyu chake, akadondosha tone. Tone likasimama, likatelemka, likaanguka chini kwenye vumbi, na vumbi likalimeza mara moja.

"Huu si udongo," akasema. "Udongo hunywa."

"Ni ule ule, mzee. Umepikwa."

"Umeoka ardhi yetu kama mkate," akasema yule mwingine mwenye maneno. "Wazungu wamekula katikati, sisi wametuletea ganda."

"Na ganda lenyewe limechelewa," akadakia wa tatu. "Mama yake atalitafuna kwa meno gani?"

Mzee mwenye kovu hakucheka. Aliniambia nirudishe udongo, si kitu hiki. Hakusema nitafanyaje. Kabla sijarudi kuchukua sanduku nilimsikia akiwaambia wenzake wanyamaze, kwa sababu kigae alichokuwa amekirudisha sandukuni kilikuwa kinalia bado.

Nilikwenda kwa padre wa parokia. Nilitarajia anikemee kwa kujali mambo hayo. Alikuwa anapalilia vitunguu, na hakuacha kupalilia.

"Ulichukua?"

"Nilichukua."

"Bila kuomba?"

"Bila kuomba."

"Basi rudisha. Sioni kwa nini unauliza padre."

Nilifikiri kigae kikirudi kuwa unga huenda kikanywa tena, nikaanza kusaga siku ya Jumatano ya Majivu. Niliomba likizo shambani, nikachukua nyundo, nikavunja kigae cha kwanza juu ya mwamba. Kilipovunjika kingo zake zilikuwa kali, nikajikata kiganja. Vipande nikaviweka kwenye jiwe la kusagia la mama, lile alilolirithi kwa bibi. Lilisaga mtama na ulezi kabla sijazaliwa, na lilikuwa limechimbika katikati kama beseni. Nilijifunga kitambaa puani, nikapiga magoti kama wanawake wanavyopiga, nikasukuma.

Kazi ile siwezi kuieleza vizuri. Kigae kilikuwa kigumu kuliko jiwe. Siku nzima ilinipa unga wa kujaza kijiko. Jiwe lilipiga kelele iliyonifanya meno yaume, na mara kwa mara, katikati ya kelele, ilisikika ile sauti nyembamba, ngii, kutoka kipande ambacho sikukigusa. Mama alikaa mlangoni akinitazama. Ilipofika wiki ya tatu alisema:

"Unaona jiwe langu?"

Nikaangalia. Jiwe lilikuwa likiisha. Pale katikati palikuwa pembamba, na unga niliokuwa nao kwenye bakuli haukuwa wa kijivu tena bali wa rangi ya jiwe. Nilikuwa namsaga bibi yangu pamoja na kigae.

"Niache, mama?"

"Saga. Jiwe nalo limetoka ardhini."

Wiki ya mateso jiwe lilipasuka vipande viwili. Nilikuwa nimebakiwa na vipande vichache vya kigae cha sita, nikavimalizia kwa nusu iliyokuwa kubwa. Jumamosi Kuu asubuhi niliweka bakuli mbele ya wazee. Mzee mwenye kovu akachovya kidole, akadondosha tone. Lilisimama juu ya unga kwa muda mfupi, kama linafikiri. Kisha likazama.

"Umekunywa," akasema mzee.

Hakuna aliyefanya mzaha. Aliniangalia kwa macho yake mawili mekundu, akauliza:

"Ni wote? Hakuna kilichobaki kwa Wazungu?"

Sasa niiseme ile sentensi. Mwisho wa barua walikuwa wameandika kwamba, kama walivyofanya na kila udongo waliotumiwa tangu kiwanda kianzishwe, kigae cha saba wamekibakiza kwenye kabati lao la kumbukumbu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeweza kuisoma pale alikuwa mimi tu. Nikaitoa, nikawasomea yote isipokuwa hiyo. Mama alikuwa amesimama mbali nyuma yangu, na miguu yake iliyopasuka. Angeenda mtoni mwaka mwingine, na mwingine.

"Ni wote, mzee," nikasema.

Tukashuka. Shimo nilikuwa sijaliona tangu nilichimbe. Mvua zilikuwa zimepita juu yake, lakini alama za beleshi zilikuwa pale pale, zinang'aa, kingo zimenyooka, hapana jani, hapana funza. Mama aliingia peke yake. Alirudisha unga kwa kiganja, konzi kwa konzi, na midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho sikujaribu kukisikia. Mimi nilisali sala zangu. Alipopanda, yule jirani wa mizaha alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Alimshika na hakumwachia, wakalia wote wawili. Kisha jirani akaniambia:

"Na wewe oa, usije ukatusaga na sisi."

Baada ya Pasaka mvua kubwa ilinyesha na ukingo ukaporomoka kama ukingo wowote. Mwezi uliofuata palikuwa na unyevu, kisha tope, kisha maji. Yalitoka hatua nne kutoka mahali pa zamani. Vyura wakarudi. Mama akanunua ufagio mpya.

*

Nilimwandikia mjomba wa mgeni yule kuomba kigae cha saba. Nikaandika tena. Mgeni alimaliza mkataba akaenda kwao. Miaka ikapita, ngano ikapungua, mashine zikasimama zikaota kutu, stoo yangu ikafungwa, nikarudi nyumbani kulima na kufundisha. Majibu hayakuja.

Mama aliishi miaka mingi bado, namshukuru Mungu. Katika mwaka wake wa mwisho nilikuwa namshika mkono kumteremsha chemchemini asubuhi, maana hakutaka mtu mwingine afagie. Siku moja ya ukungu tulikuwa tumeinama wote wawili. Maji yalikuwa yanatoka vizuri. Na chini yake, ndani kabisa, ikaja mara moja. Ngii.

Mama hakuacha kufagia.

"Bado kimoja," alisema.

"Ndiyo, mama. Kipo kwao. Kabatini."

"Najua. Siku ile ulipowasomea barua, ulisita kabla ya kuikunja."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akafuta kidevu.

"Nilikuwa na kiu, mwanangu."

Wazee wale wote wamelala. Niliungama kwa padre, na Mungu amenisamehe, sina shaka. Kwa wazee sikuungama, nao walikufa wakiniamini. Sasa mtunza chemchemi ni mimi, mwanamume wa kwanza kufanya kazi hiyo, na watu wamezoea. Kila asubuhi nafagia, na kila asubuhi narudisha konzi moja ya udongo ingawa sijachukua kitu. Mwaka huu nimesikia mara moja tu.

Ukiwahi kufika katika nchi hizo, ukaingia kiwanda cha zamani cha vigae, ukaonyeshwa kabati lao, tafuta kigae kidogo cha kijivu chenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi moja imekosewa. Sikuombi ukiibe. Kidondoshee maji kidogo. Hakitakunywa. Wewe kidondoshee tu.